Jambo Hili Linaamuliwa Wapi? Mwongozo wa Ngazi za Kanisa la Waadventista wa Sabato kwa Makarani na Wazee wa Nairobi

Karani wa kanisa hapa Nairobi hukaa kwenye njia panda ya nchi nyingi. Katika Sabato moja anaweza kufuatwa na mama aliyetoka Goma na watoto watatu bila karatasi yoyote mkononi, na kijana aliyepata kazi Kigali anayeomba “barua ya kwenda nayo”, na kiongozi wa kundi la Syokimau anayetaka kujua ni lini watu wake wataitwa kanisa. Kila mmoja anakuja na habari yake, lakini swali lao ni moja: jambo langu linaamuliwa wapi, na nani?

Nilipopewa kazi hii sikuwa na jibu. Baraza letu liliandika barua kuhusu kundi lililokuwa chini yetu, na kwa kuwa makao ya divisheni yako Ongata Rongai, kando ya barabara ya Magadi, ambako matatu za 125 na 126 hutufikisha kutoka mjini, tuliona njia fupi ni kuipeleka kwa mkono. Barua ilipokelewa kwa heshima. Kisha ikaanza kuteremshwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na ilipotufikia sisi wenyewe miezi minne ilikuwa imekwisha kupita, ikiwa na swali moja pembeni: konferensi yenu imeamua nini? Tulikuwa tumehesabu kilomita bila kuhesabu ngazi, na kundi lile lilikaa muda huo wote likisubiri jambo ambalo lingeweza kuamuliwa mapema zaidi. Naandika mwongozo huu ili kosa letu lisirudiwe na mwingine.

Ngazi zenyewe

Washiriki waliobatizwa huunda kanisa mahalia. Makanisa ya eneo moja huunda konferensi, ambayo wazee wetu wengi bado huiita fildi. Konferensi kadhaa huunda unioni, na unioni za dunia nzima huunda Konferensi Kuu, ambayo ofisi zake ziko Silver Spring, Maryland, nchini Marekani. Hizo ni ngazi nne, na kila moja inaundwa na ile iliyo chini yake.

Watu wengi huongeza mbili zaidi ambazo si ngazi. Ya kwanza ni mtaa, yaani makanisa kadhaa yaliyo chini ya mchungaji mmoja. Mtaa ni mgawanyo wa kazi tu, hauna mkutano wake wa wajumbe wala hauamui juu ya ushirika wa mtu. Ya pili ni divisheni, na hapa ndipo sisi tulipoteleza. Divisheni ni Konferensi Kuu yenyewe ikifanya kazi katika sehemu fulani ya dunia. Mwenyekiti wa divisheni ni makamu wa mwenyekiti wa Konferensi Kuu, na huchaguliwa katika mkutano mkuu wa dunia unaofanyika kila baada ya miaka mitano, kama ule wa Julai 2025 uliofanyika St. Louis, Missouri. Unioni za eneo lake hazikutani peke yake kumchagua. Ndiyo maana barua inayofika Rongai huhesabiwa kuwa imefika kwa Konferensi Kuu, na Konferensi Kuu haiamui jambo la kundi la Syokimau.

Mpangilio huu haukuwapo tangu mwanzo. Konferensi Kuu iliundwa Mei 1863 huko Battle Creek, Michigan, na wajumbe 20, wakati ambapo waumini walikuwa kama 3,500 na karibu wote walikuwa Marekani. Kwa kanisa la ukubwa huo, ofisi moja ilitosha. Lakini kazi ilipovuka bahari, maamuzi yaliendelea kusubiri watu wachache wa Battle Creek, na barua ya kwenda na kurudi ilichukua majuma mengi. Suluhisho lilianzia mbali na makao makuu. Mwaka 1892 huko Afrika Kusini, Asa T. Robinson alipanga konferensi ambayo vyama vilivyokuwa vikijitegemea, kama vile cha Shule ya Sabato na cha vitabu, viligeuzwa kuwa idara ndani ya uongozi mmoja. Mwaka 1894 Australia ikaunda unioni ya kwanza. Mkutano mkuu wa mwaka 1901 ukachukua mafunzo hayo na kuyafanya utaratibu wa dunia nzima. Divisheni zilifuata: ya Ulaya iliundwa mwaka 1913, na mwaka 1918 ikaamuliwa kwamba divisheni zisiwe na wajumbe wake zenyewe bali ziwe sehemu za Konferensi Kuu. Mimi hufurahi kila ninapokumbuka kwamba sehemu ya utaratibu huu ilijaribiwa kwanza barani Afrika, kwa sababu wapo wanaodhani tuliletewa ukiwa tayari.

Sasa kuna divisheni 13 duniani, tatu kati yake zikiwa hapa Afrika. Yetu ni ya Afrika Mashariki na Kati, nayo ina nchi 11: Burundi, Eritrea, Ethiopia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Jibuti, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda. Iliundwa mwaka 2003. Kabla ya hapo Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia zilikuwa katika divisheni iliyokuwa na makao Harare, huku Rwanda, Burundi na Kongo zikitazama Abidjan. Karani mwenye kumbukumbu za zamani katika kabati la kanisa asishangae akikuta anwani ya Zimbabwe kwenye barua za miaka ya tisini.

Hata ndani ya Afrika Mashariki yenyewe hatukutoka kwenye mlango mmoja. Tanzania ilipokea kazi mwaka 1903 kupitia wamisionari Wajerumani waliofika milima ya Upare, nasi tuliipokea mwaka 1906 huko Gendia, karibu na Kendu Bay, kupitia Arthur Carscallen, Mkanada aliyetumwa kutoka Uingereza, pamoja na Peter Nyambo wa Malawi. Kwamba makanisa yaliyoanza chini ya ofisi mbili za Ulaya leo yanaandikiana kwa utaratibu mmoja ni jambo la kushukuru.

Ndugu zetu Waanglikana walichukua njia nyingine, na kuitazama kunasaidia kuielewa yetu. Jimbo lao la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1960 liliunganisha Kenya na Tanganyika, kisha mwaka 1970 likagawanyika kuwa majimbo mawili, la Kenya na la Tanzania, kila moja likiwa na askofu mkuu wake asiyeamriwa na Canterbury. Kwao jimbo la nchi hujitegemea. Kwetu sisi, Kenya ina Unioni ya Mashariki na Unioni ya Magharibi, hakuna “Kanisa la Kenya” lenye mkuu mmoja, na unioni hizo zote zinafuata Kanuni ya Kanisa, yaani kitabu chetu cha taratibu, ileile inayofuatwa Manila na Lima.

Neno la mwisho liko wapi

Ukitaka kujua mahali pa kupeleka jambo, usiulize ni ofisi ipi iliyo kubwa zaidi. Uliza ni ngazi ipi iliyopewa neno la mwisho juu ya jambo la namna hiyo, kwa kuwa katika kanisa hili kila ngazi ina jambo ambalo zile nyingine haziwezi kuliamua kwa niaba yake.

Kanisa mahalia ndilo lenye neno la mwisho kuhusu ushirika. Kumpokea mtu, kumhamisha au kumwondoa ni kazi ya washiriki wakiwa wamekutana na kupiga kura. Mchungaji hawezi kufanya hivyo peke yake, baraza la kanisa haliwezi, na mwenyekiti wa unioni vilevile hawezi. Konferensi ina neno la mwisho kuhusu ajira ya wachungaji: nani ataajiriwa, atapelekwa mtaa gani na atahamishwa lini. Unioni ina neno la mwisho kuhusu nani awekewe mikono kuwa mchungaji, baada ya konferensi kuleta majina yenye mapendekezo. Konferensi Kuu ina neno la mwisho kuhusu mafundisho ya imani na kuhusu Kanuni ya Kanisa, ambayo haibadilishwi na yeyote isipokuwa mkutano mkuu wa dunia.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa San Antonio, Texas, tarehe 8 Julai 2015. Swali lililoletwa mbele ya wajumbe lilikuwa kama kamati za divisheni ziruhusiwe kujiamulia, kila moja katika eneo lake, kuhusu kuwawekea wanawake mikono kuwa wachungaji. Wajumbe 1,381 walikataa na 977 wakakubali. Kila mshiriki ana maoni yake kuhusu jambo lile, nami sikusudii kuyafungua hapa. Ninachotaka karani aone ni umbo la swali lenyewe: halikuwa swali la kazi ya mwanamke kanisani tu, lilikuwa swali la ni ngazi ipi iliyo na mamlaka ya kuamua, na hilo nalo lilibidi lijibiwe na ngazi ya juu kuliko zote.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, andika jambo lako kwa sentensi moja na ulitambue ni la namna gani. “Dada fulani anahamia Mwanza” ni la ushirika, halitoki nje ya makanisa mawili. “Tunaomba mchungaji wetu asihamishwe” ni la konferensi, na kulipeleka unioni ni kumfanya mchungaji aonekane kana kwamba anawakimbia viongozi wake. “Tunaomba mwinjilisti wetu awekewe mikono” huanzia konferensi na kuishia unioni. Jambo lenye sura mbili ligawe liwe barua mbili.

Kumhamisha mshiriki kwenda au kutoka nchi nyingine

Hii ndiyo kazi inayotuchosha zaidi Nairobi, na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi. Kanuni ya Kanisa inasema kwamba mshiriki anayehamia mahali pengine kwa muda unaozidi miezi sita aombe uhamisho mara moja. Wengi hawaombi. Wanakaa miaka kumi Nairobi huku majina yao yakiwa Kisii, Musoma au Bujumbura, wakitoa zaka hapa na kuhesabiwa kule.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba barua ya uhamisho huenda kutoka kanisa hadi kanisa. Haipiti konferensi, haipiti unioni, wala haipiti Rongai, hata kama makanisa hayo mawili yametenganishwa na mipaka mitatu. Jambo la pili ni kwamba safari huanzia kule anakokwenda mtu, si kule anakotoka. Yule kijana wa Kigali asipewe barua mkononi. Mwambie afike, atafute kanisa atakaloabudu, na amwendee karani wa kule. Karani huyo ndiye atakayekuandikia kuomba uhamisho. Barua inayobebwa mfukoni hukaa mfukoni, na mara nyingi mwenye nayo huishia kuwa hana kanisa la kumtunza huku wala kule.

Ombi likikufikia, mpe mchungaji au mzee wa kanisa, naye alifikishe kwenye baraza. Baraza likiridhika, linapendekeza kwa kanisa, na jina linasomwa mara ya kwanza siku ya Sabato. Usipige kura siku hiyo. Jina husomwa tena, kwa kawaida Sabato inayofuata, ndipo washiriki wanapiga kura. Lile juma la katikati lina kazi: kama kuna mtu mwenye pingamizi la haki, anapata nafasi ya kulieleza kwa mchungaji au mzee, kwa faragha, pasipo kumwaibisha mtu mbele ya kusanyiko. Nimeona mahali ambapo visomo vyote viwili vilifanywa asubuhi moja kwa sababu kijana alikuwa na haraka ya visa. Haraka ile ilimnyima mtu mmoja nafasi ya kulieleza deni kwa amani, na neno lile lilikuja kutokea baadaye kwa ubaya.

Baada ya kura, jaza barua na uitume kwa karani wa kanisa linalopokea, si kwa mshiriki. Barua huwa na nguvu kwa miezi sita tangu siku ilipotolewa. Kule nako hupita barazani, hutangazwa, husubiri juma moja, kisha kura hupigwa. Karani wa kule hujaza sehemu ya kurudisha na kuituma kwako. Mpaka karatasi hiyo irudi, mtu huyo ni wako, na jina lake lisifutwe. Hapa ndipo hesabu za makanisa yetu huharibika: karani hufuta jina siku aliyotuma barua, kule wanakopokea hawakamilishi, na mtu aliye hai na mwenye imani anatoweka vitabuni.

Mshiriki aliye chini ya nidhamu ya kanisa hapewi barua ya uhamisho. Vivyo hivyo, hakuna anayehamishwa bila ridhaa yake, hata kama amekosekana ibadani kwa muda mrefu na baraza lingependa kupunguza hesabu.

Kuhusu lugha, usidhani kila karani husoma unachosoma. Kinshasa watahitaji Kifaransa. Goma, Bukavu na Lubumbashi Kiswahili kinatosha, ijapokuwa Kiswahili chao kina sura yake, hivyo andika sentensi fupi na tarehe kwa maneno. Addis Ababa andika Kiingereza chepesi. Ukitumia barua pepe, tuma pia picha ya fomu yenye muhuri, kwa sababu makarani wengi, kwa haki kabisa, hawafanyi kazi kwa maneno matupu.

Turudi sasa kwa yule mama wa Goma. Kanisa lake limetawanyika, karani wake hajulikani aliko, na simu hazipatikani. Wapo wanaomwambia asubiri mpaka mambo yatulie. Si lazima, wala si haki. Kanuni ya Kanisa imeweka njia kwa hali za namna hii: pale ambapo mawasiliano na kanisa la awali hayawezekani, kanisa linalopokea linashauriana na konferensi, linajiridhisha kuhusu imani na mwenendo wa mtu, kisha linampokea kwa ukiri wa imani. Njia ikifunguka baadaye, kanisa hilo huliandikia lile la zamani kulijulisha. Kwa mji kama Nairobi, ambako watu wanafika kila mwezi kutoka Kivu na Sudan Kusini, naliona fungu hilo kuwa la thamani sana. Lisome kwenye baraza lako mapema, kabla mtu hajafika mlangoni, ili asijadiliwe akiwa amesimama pale.

Kundi linapotaka kuwa kanisa

Waumini wachache wanaokaa karibu wanaweza kupangwa kuwa kundi, kwa idhini ya kamati ya utendaji ya konferensi, wakiwa na kiongozi, karani na mhazini. Kundi huabudu, hufundisha na hukusanya zaka, lakini halina mamlaka ya kupokea wala kuondoa mshiriki. Majina yao hukaa katika kanisa mama au katika kanisa la konferensi, yaani daftari la konferensi la washiriki wasio na kanisa karibu. Kwa hiyo kundi lisijifanyie mashauri ya nidhamu, hata kama lina watu mia.

Kundi likikomaa, kanisa mama lipeleke ombi konferensi kupitia mchungaji wa mtaa. Ombi zuri huonyesha idadi ya washiriki waliobatizwa, viongozi waliopo na kazi wanazoziweza, zaka na sadaka za miezi 12 iliyopita, mahali pa ibada na haki ya kupatumia. Kamati ya konferensi ikikubali, mchungaji aliyewekewa mikono huongoza ibada ya kulipanga kanisa, washiriki wa kwanza huandikwa, na viongozi huchaguliwa. Bado hatua moja inabaki, na husahaulika: mkutano mkuu wa konferensi unaofuata hulipokea kanisa hilo rasmi, kwa kura ya wajumbe, katika udugu wa makanisa.

Kuhusu kiwanja, nasema kwa msisitizo kwa sababu ardhi ya Nairobi na viunga vyake imevunja makanisa mengi. Hatimiliki isiandikwe kwa jina la mzee, la mchungaji, la mfadhili mwema wala la kikundi cha washiriki watano waliochanga. Mali ya kanisa huandikwa kwa chombo cha kisheria cha kanisa, yaani wadhamini waliosajiliwa. Kabla ya kulipa hata malipo ya awali, nenda konferensi uulize ofisi inayoshughulikia mali, nao watakuelekeza jina linalopaswa kuandikwa kwenye mkataba. Mzee mwaminifu naye hufa, na watoto wake wana haki ya kuona hatimiliki yenye jina la baba yao kuwa ni urithi wao.

Zaka inakwenda wapi

Zaka yote inayotolewa kanisani hupelekwa konferensi. Kanisa mahalia halibakizi sehemu yake, hata kwa paa linalovuja. Gharama hizo hutoka kwenye sadaka zinazobaki kanisani. Konferensi hutoa asilimia 10 ya zaka hiyo kwa unioni, na unioni nayo hutoa asilimia 10 ya ilichopokea kwenda juu, kwa ajili ya kazi ya divisheni na ya dunia. Kwa njia hiyo mchungaji wa Kibra na mchungaji wa Lavington hulipwa kwa kipimo kimoja, hata kama bahasha za makanisa yao hazifanani kabisa, na hakuna mchungaji anayelazimika kuwapendeza matajiri wa kanisa lake ili watoto wake wale.

Mhazini atoe risiti kwa kila senti, ikiwemo iliyotumwa kwa M-Pesa, na apeleke zaka konferensi kila mwezi bila kuikopesha mradi wowote. Vitabu vya kanisa hukaguliwa na konferensi, na hesabu za konferensi na za ngazi za juu hukaguliwa na idara ya ukaguzi ya Konferensi Kuu, ambayo haiko chini ya viongozi inaowakagua. Mshiriki akiuliza maswali kuhusu fedha, usimwone kama mpinzani. Mwonyeshe mahali ripoti ya ukaguzi inapowasilishwa.

Kuandika barua ipandayo

Barua inayopanda ngazi haibebi maoni ya mtu, hubeba azimio la kikao. Taja tarehe ya kikao, nambari ya azimio, waliohudhuria kama akidi inahusika, na maneno kamili yaliyopitishwa, kisha saini za mwenyekiti wa kikao na karani. Tuma kwa katibu wa ngazi inayofuata, wala usimtumie mwenyekiti, kwa kuwa katibu ndiye mwenye kuandaa ajenda. Mpe nakala mchungaji wa mtaa. Kuruka ngazi kwa kutuma nakala huko juu “kwa taarifa tu” huleta uchungu usio wa lazima.

Fahamu pia majira ya vikao. Kamati za utendaji hukutana mara kwa mara, lakini mambo mazito ya bajeti na ya mipaka husubiri vikao vya katikati na vya mwisho wa mwaka. Kamati ya Konferensi Kuu hufanya Baraza la Mwaka mwezi wa Oktoba, kwa kawaida Silver Spring, ingawa mwaka 1988 lilifanyika hapa Nairobi. Kwa hiyo ombi linalohitaji kupita unioni na divisheni, kama vile kugawa konferensi kuwa mbili, lisitarajiwe kujibiwa kwa miezi mitatu. Hulazimu timu ya uchunguzi, hesabu za fedha, na kura katika kila ngazi.

Tena angalia kama mnayemwandikia ni konferensi au ni misheni, maana majina haya hayalingani. Konferensi huchagua viongozi wake yenyewe katika mkutano mkuu wa wajumbe wa makanisa. Misheni bado inalelewa, na viongozi wake huwekwa na ngazi iliyo juu yake, mpaka itakapoweza kujitegemea kwa fedha na kwa watu. Tofauti hiyo inagusa haki za wajumbe wako, kwa hiyo isome katika katiba ya eneo lako kabla ya kusimama kwenye mkutano na kudai kura.

Kunapokuwa na mgogoro

Ikitokea kwamba kanisa halikubaliani na uamuzi wa konferensi, kwanza liombe kuonana na kamati ya utendaji na kusikilizwa. Wasiporidhishwa, wanaweza kukata rufaa kwenye ngazi inayofuata, yaani unioni, kwa maandishi, wakiambatisha azimio la mkutano wa mashauri wa kanisa na majibu waliyopewa. Kuanzia hapo rufaa hupanda hatua kwa hatua. Mkutano mkuu wa dunia ndio wenye mamlaka ya juu kabisa, na katikati ya mikutano hiyo kamati yake ya utendaji hushika nafasi hiyo. Tumeona katika mji huu waumini wa makanisa mbalimbali wakifikishana mahakamani na kufungiana milango ya ibada kwa minyororo. Njia ya rufaa ni ndefu na inachosha, lakini wanaoifuata huendelea kuimba pamoja Sabato ikifika, nami ningemsihi mzee yeyote aimalize kabla ya kumtafuta wakili.

Wakati wote wa mgogoro, zaka iendelee kutumwa na vitabu viendelee kuandikwa. Kanisa lililozuia zaka ili lisikilizwe huanza rufaa yake likiwa lenyewe limevunja utaratibu linaoutegemea.

Neno juu ya kitabu chenyewe. Kitabu cha washiriki na cha kumbukumbu za vikao ni mali ya kanisa, si ya karani. Muhula wako ukiisha, mkabidhi karani mpya mbele ya mzee au mchungaji, pamoja na orodha ya barua za uhamisho ambazo bado hazijarudi: jina la mshiriki, kanisa ilikotumwa, nchi, na tarehe. Mimi nilipopokea kitabu chetu, orodha hiyo haikuwapo, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuwapigia simu watu wa Arusha, Kisumu na Bukavu nikiwauliza kama fulani alifika.